Binti Yangu Akae Dahalia Gani? Kuchagua Ndaki na Makaazi ya Chuo Kikuu

SUALI:

Sheikh, mimi ni Mpemba, naishi Mkula, wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu. Huku nauza nguo na khanga, na mnada ukihama nami nahama nao. Binti yangu amemaliza kidato cha sita na alhamduliLlaah amefaulu. Amekubaliwa vyuo viwili kusomea ualimu wa sayansi, Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu kilichopo Chang'ombe, Dar es Salaam. Anatakiwa athibitishe kimoja na siku zimebaki chache. Yeye anataka Dodoma na akae dahalia ya chuo. Mama yake anasema aende Chang'ombe, akae kwa shangazi yake Mbagala. Ndugu zangu Pemba wanasema huko kote hakuna kheri, arudi visiwani au aolewe. Mimi nakhofia dahalia, nimesikia mengi. Je, inajuzu nimruhusu? Na nikimzuia nitakuwa nimemdhulumu?

JIBU:



Himdi zote anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), Mola wa walimwengu wote, na swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), na Aali zake na Swahaba zake na waliowafuata kwa wema hadi siku ya Qiyaamah.

Tunamshukuru ndugu yetu kwa kuuliza kabla ya kuamua. Wengi huuliza baada ya mambo kuharibika. Kwa vile kila mwaka matokeo yakitoka tunapokea masuali ya namna hii kutoka Unguja, Pemba na bara, tumeona tulijibu kwa urefu ili familia nyengine zifaidike In Shaa Allaah.

Kwanza: tujue tunachochagua

Wazazi wengi wanadhani kuchagua chuo ni jambo moja na kuchagua makaazi ni jambo jengine la baadaye. Katika vyuo vyetu vikubwa sivyo.

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, kimejengwa kwa mfumo wa ndaki. Ndaki ni kama chuo ndani ya chuo. Kuna ya Elimu, ya Sayansi za Afya, ya mambo ya kompyuta na nyenginezo, na kila moja ina madarasa yake na dahalia zake. Eneo ni kubwa na ndaki zimeachana sana, kiasi cha kuhitaji gari kutoka moja kwenda nyengine. Kwa hivyo anayechagua fani Dodoma, aghlabu ameshachagua pia mahali atakapolala, atakapokula na watu atakaokutana nao asubuhi na jioni.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina sura nyengine. Kuna kampasi kuu ya Mlimani yenye nyumba za wanafunzi za zamani na mabweni mapya yaliyofunguliwa mwaka 2017, yenye nafasi za wanafunzi 3,840. Kuna hosteli ya Mabibo, ambayo ipo nje ya kampasi. Kuna ndaki ya TEHAMA iliyopo Kijitonyama. Na kuna vyuo vishiriki viwili vya elimu vilivyoanzishwa mwaka 2005, cha Chang'ombe na cha Mkwawa kilichopo Iringa. Wote hawa ni wa chuo kikuu kimoja, lakini wa Mkwawa na wa Mlimani wametenganishwa na safari nzima ya basi. Mzazi anayesema "mwanangu yuko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam" bado hajasema mwanawe analala wapi.

Walio na watoto Uingereza wanajua mfumo mwengine. Oxford na Cambridge mwanafunzi anaomba fani, na juu yake anachagua chuo atakachoishi na kula, au anaacha apangiwe. Huko chuo cha makaazi si lazima kifuate fani. Huku kwetu fani ndiyo mara nyingi inayokuvuta kwenye dahalia. Kwa hivyo suala la makaazi liulizwe mapema, kabla ya kuthibitisha.

Pili: dahalia si jambo geni kwa Waislamu

Ndugu zetu wanaosema kwamba kulala chuoni ni desturi ya watu wengine hawakuiangalia historia yetu. Msikiti wa Al-Azhar kule Cairo ulikuwa na riwaaq, yaani sehemu maalumu ambazo wanafunzi wa kila nchi walikaa, wakapata mkate wao na sheikh wa kuwasimamia. Kulikuwa na riwaaq ya watu wa Maghrib, ya watu wa Sham, ya Waturuki, na ya Jabart, yaani Waislamu wa upande wa Uhabeshi na Zayla'. Mwanahistoria mashuhuri 'Abdur-Rahmaan Al-Jabartiy anatokana na ukoo uliosimamia riwaaq hiyo. Na karibu yetu, Riyadha ya Lamu ilipokea wanafunzi kutoka pwani yote ya Afrika Mashariki, wakaishi hapo hapo wakisoma.

Wenzetu waliotangulia hawakuuliza kama mwanafunzi anaweza kulala mbali na kwao. Waliuliza atalala na nani, nani anamsimamia na atakula nini. Hayo ndiyo masuali ambayo hata leo inafaa tuyaulize. Kweli, riwaaq zile zilikuwa za wanaume, na hali ya mtoto wa kike ina hukumu zake, nazo tunazieleza hapa.

Tatu: hukumu ya safari na hukumu ya kukaa

Watu wanachanganya mambo mawili. Safari ni jambo moja na kukaa mahali baada ya kufika ni jambo jengine.

Ama safari, asili ni kwamba mwanamke asafiri na mahram wake, na hii ndiyo kauli ya wanachuoni wengi. Katika madhehebu yetu ya Imaam Ash-Shaafi'iy imeruhusiwa safari ya Hijja ya faradhi pamoja na wanawake waaminifu, na baadhi ya wanachuoni wakaipanua ruhusa hiyo kwa safari nyengine zenye haja ikiwa njia ina amani. Anayetaka kujitoa kwenye khitilafu amsindikize binti yake. Anayechukua kauli ya pili basi asimpakie peke yake, bali apange asafiri pamoja na wanafunzi wa kike anaowajua.

Hapa Mkula imekaa vizuri kwa Dodoma. Basi linapita Bariadi, Maswa, Shinyanga, Nzega na Singida, ni siku moja ya safari. Anayekwenda Dar es Salaam kwa njia hiyo anaipita Dodoma na kuendelea mbele. Kwa hivyo baba akipigiwa simu kwamba binti anaumwa, Dodoma atafika mapema zaidi. Na likizo ikifika, akitaka kwenda Pemba kumuona bibi yake, treni ya SGR inatoka Dodoma mpaka Dar es Salaam tokea mwaka 2024, kisha boti.

Ama kukaa, binti akishafika na akawa katika nyumba yenye amani, hapana sharti ya mahram kulala naye kila usiku. Sharti ni amani, sitara na kutokuwepo khalwa na mwanamme wa kando.

Nne: nyumba ya jamaa na dahalia, ipi iko karibu na sharia?

Hili ndilo tunaloomba msomaji alitulizie moyo, kwa sababu familia zetu nyingi zinakosea hapa bila ya kujua.

Mama wa binti huyu anaona kwa shangazi ni salama kwa kuwa ni kwa jamaa. Nia yake ni njema na shangazi ana haki ya kuheshimiwa. Lakini tuhesabu walioko ndani ya nyumba. Shangazi ni dada wa baba, ni sawa. Mume wa shangazi si mahram wa binti. Watoto wa kiume wa shangazi si mahram, na sharia inaruhusu hata wamuoe. Sasa ikiwa nyumba ina vyumba viwili na sebule moja, choo kimoja, na shangazi anatoka alfajiri kwenda kwenye biashara yake, binti atabaki na nani? Na hijabu ataivaa saa ngapi na kuivua saa ngapi? Tumepokea kesi za namna hii zaidi ya moja, na aghlabu binti ndiye anayelaumiwa mwisho, ilhali waliompeka pale ni wazee wake.

Dahalia ya wanawake iliyo ndani ya uzio wa chuo, yenye mlinzi, wanaume hawaingii, mlango unafungwa usiku, inaweza kuwa karibu zaidi na sharia kuliko nyumba ya jamaa yenye msongamano. Hatusemi kila dahalia ni bora kuliko kila nyumba. Kama shangazi ni mjane anayeishi na mabinti zake, na nyumba iko karibu na chuo, basi hiyo ni neema, chukua. Tunachosema ni kwamba usitizame nyumba ni ya nani. Tizama siku ya mtoto itakwendaje humo ndani, tokea adhana ya Alfajiri mpaka anapolala.

Kuna njia ya tatu ambayo ndiyo inayotutia khofu zaidi, nayo ni chumba cha kupanga mtaani. Dar es Salaam wanafunzi wengi hupanga kwa sababu vyumba vya chuo havitoshi. Huko hakuna mlinzi wala msimamizi, na mwenye nyumba anataka kodi yake tu. Wengi walioharibikiwa hawakuharibikiwa kwenye dahalia, bali pale walipoikosa. Kwa hivyo kabla ya kuthibitisha chuo, piga simu ofisi ya wanafunzi uulize: mwaka wa kwanza wanapewa vyumba? Na mwaka wa pili je? Mtoto hasomi mwaka mmoja.

Tano: mambo ya kuangalia unapochagua

1. Fani kwanza. Binti huyu anataka kuwa mwalimu wa sayansi, na skuli zetu, khasa za watoto wa kike, zina haja kubwa ya walimu hao. Kumbadilisha fani kwa ajili ya dahalia nzuri ni kumtia kwenye miaka mitatu ya kitu asichokipenda. Linganisha makaazi baina ya vyuo vinavyotoa fani anayoiweza.

2. Umbali wa kitanda na darasa. Vipindi vya usiku na maktaba vipo. Anayelala mita mia chache kutoka darasani anarudi na wenzake kwa miguu. Anayelala nje ya kampasi anasubiri daladala gizani.

3. Mahali pa kuswali. Uliza ndaki hiyo ina msikiti au chumba cha swala, na wanawake wana sehemu yao. Katika eneo kubwa kama la Dodoma, msikiti ukiwa ndaki ya mbali hautamsaidia Alfajiri, ataswali chumbani, na hilo kwake halina ubaya.

4. Jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu. Vyuo vyetu vikubwa vina jumuiya hizi, na aghlabu zina upande wa akina dada. Tafuta nambari ya dada mmoja wa mwaka wa pili au wa tatu, mama azungumze naye. Dada huyo atakueleza kwa dakika kumi kuliko barua ya chuo kwa kurasa kumi, maji yanakatika lini, geti linafungwa saa ngapi, futari Ramadhani inapikwaje.

5. Chakula na matumizi. Jueni kama wanaruhusiwa kupika. Anayengojea boom peke yake, na boom likachelewa, anakuwa dhaifu mbele ya kila anayemuahidi chakula. Baba mwenye uwezo ampelekee kidogo kidogo kila wiki, hata kama ana mkopo. Hiyo nayo ni sitara.

6. Wenzake wa chumbani. Hawezi kuwachagua wote. Anaweza kupata dada wa Kiislamu, anaweza kupata Mkristo. Kuishi chumba kimoja na mwanamke asiyekuwa Muislamu kunajuzu. Kauli mashuhuri katika madhehebu yetu ni kwamba mbele yake asidhihirishe isipokuwa kile kinachoonekana kwa kawaida anapofanya kazi za nyumbani. Wapo wanachuoni waliosema hukumu yake ni kama ya Muislamu mwenzake. Avae kanzu nyepesi chumbani na atakuwa amesalimika kwa kauli zote.

Sita: kosa nililolifanya mwenyewe

Nilipokwenda chuo kikuu nilichagua nyumba ya wanafunzi kwa sababu moja tu, Wazanzibari wengi walikuwa huko. Nilisema nitapata wa kuswali nao na pilau Ijumaa. Pilau niliipata. Lakini chumba chetu kiligeuka barza. Watu wanaingia baada ya 'Ishaa, siasa na mpira mpaka saa nane usiku, kisha Alfajiri tunaiswali jua limeshachomoza. Muhula wa kwanza nilianguka somo moja, na barua ya matokeo niliificha marehemu baba asiione. Muhula wa pili niliomba nihamishwe. Nilipangiwa chumba na kijana wa Kisukuma, Mkristo, aliyekuwa akilala saa nne na kuamka saa kumi kusoma. Nikawa naamka naye, yeye anafungua daftari na mimi natawadha.

Sisemi haya kwa kuwadharau wenzangu, wengi wao leo ni watu wa kheri. Nasema ili mzazi asidhani kuwa jina la Kiislamu mlangoni linatosha. Sahibu huvuta sahibu yake kwenye mwendo wake. Tizama mwendo.

Saba: mambo ya ibada anayopaswa kuyajua kabla ya kuondoka

Mwanafunzi si msafiri baada ya kufika. Katika madhehebu yetu, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, anaswali kamili. Tumewakuta vijana wanapunguza swala miaka mitatu mizima kwa kudai wako safarini. Hilo ni kosa.

Kibla nacho akijue. Kwetu Unguja na Pemba tunaelekea kaskazini takriban moja kwa moja. Mkula na Dodoma ziko magharibi yetu, kwa hivyo kibla chao ni kaskazini kikielemea kidogo mashariki. Akifika chumbani siku ya kwanza, aweke alama ukutani.

Kwa wazazi wa wavulana, angalieni ratiba ya Ijumaa. Ijumaa ni wajibu kwake, na ikiwa msikiti uko mbali na ndaki, lazima ajipange mapema na azungumze na mwalimu wake kwa adabu. Walimu wengi husikiliza anayeomba mapema.

Nane: je, baba akimzuia amemdhulumu?

Baba ana haki ya kutiiwa katika wema, na ana jukumu la kulinda. Lakini ulinzi si kumfungia mtoto mlango wa elimu yenye manufaa kwa khofu ya mambo aliyoyasikia tu bila ya kuyachunguza. Akimzuia kwa sababu ya hatari aliyoihakikisha, na akamtafutia njia nyengine ya kusoma, hajadhulumu. Akimzuia kwa maneno ya watu, au akamuozesha ili kuondoa usumbufu, tunakhofia ataulizwa mbele ya Allaah. Ndoa ni sunnah tukufu, lakini haiwi adhabu ya kufaulu mtihani.

Na wale ndugu wa Pemba wanaosema arudi visiwani, kauli yao isidharauliwe. Zanzibar kuna vyuo vikuu, kikiwemo cha Taifa (SUZA) chenye kampasi hadi Pemba, na kwa familia inayoishi visiwani hilo mara nyingi ndilo jepesi zaidi. Lakini binti huyu wazazi wake wako Mkula. Na tukumbuke pia kwamba amekulia mahali ambapo Waislamu ni wachache. Ameshazoea kuvaa hijabu peke yake darasani, kuuliza nyama imechinjwa na nani, kufunga wenzake wakila. Binti wa Wete au wa Mkoani aliyezungukwa na adhana tokea kuzaliwa huenda akapata mshtuko Dodoma. Wa Mkula hapo si mgeni.

Muhtasari

Kwa maelezo tuliyopewa, na Allaah ndiye Mjuzi zaidi, tunaona Dodoma ina uzito kuliko Mbagala, kwa masharti haya. Chuo kithibitishe kwamba atapata kitanda katika dahalia ya wanawake ndani ya ndaki yake. Baba amsindikize mwenyewe safari ya kwanza, akione chumba kwa macho yake na asalimiane na msimamizi. Mama azungumze na dada wa jumuiya kabla ya kuondoka. Chumba kikikosekana na njia iliyobaki ni kupanga mtaani, basi hesabu inaanza upya, na nyumba ya shangazi iangaliwe kwa vigezo tulivyovitaja.

Na kabla ya yote, mkae nyote watatu, baba, mama na binti, mumsikilize. Kisha yeye mwenyewe aswali rakaa mbili za istikhaarah. Tuliona katika barua kila mtu ametajwa anasema nini, na yeye ametajwa kwa mstari mmoja. Yeye ndiye atakayelala huko.

Mfungeni ngamia, kisha mtegemeeni Allaah.

Tunamuomba Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) amjaalie binti huyu elimu yenye manufaa, amhifadhi yeye na watoto wetu wote walio mbali na majumba yao, na awape wazazi wao utulivu wa moyo. Aamiyn.

Wa Allaahu A'lam.